Bunduki ya Sikukuu Iliyotiwa Adabu Kakuma

Na Mwandishi Wetu

Sikukuu ndogo ya Aprili 2023 ilinikuta Lodwar, nyumbani kwa binamu yangu mwenye duka la vyakula na vyombo. Wako watu wa Pwani ambao wakisikia jina la Turkana hudhani ni mwisho wa dunia, kwamba huko hakuna adhana wala halua. Hao nawaomba wafunge safari. Mji ule una misikiti, una Wasomali wauza nguo, una Waturkana waliosilimu ambao kanzu huwakaa vyema kwa urefu wao, na asubuhi ile takbira zilivuma mpaka kwenye mchanga wa mto Turkwel. Biriani tuliyokula ilikuwa ya mbuzi wa kule kule. Mbuzi wa Turkana, msomaji, hula maganda ya mgunga, na nyama yake ina ladha ambayo sijaionja Mombasa.

Kabla sahani hazijaondolewa, kilizuka kilio uani.

Chanzo chake kilikuwa zawadi. Shemeji yake binamu yangu, ambaye anafanya kazi Uarabuni, alirudi likizo katika mwezi wa Ramadhani, akamletea mpwawe wa miaka kumi bunduki ya kuchezea. Haikuwa ile bastola ya plastiki ya rangi rangi tuliyokuwa tukinunuliwa sisi siku ya Idi pale Makadara, ya kupasulia fataki. Hii ilikuwa mfano kamili wa Kalashnikov: nyeusi tii, kitako cha rangi ya mbao, urefu ule ule, na uzito wa kumwinamisha mtoto bega. Ndani mna betri na mota, nayo hutema vipunje vyeupe vya plastiki vya milimita 6, ukubwa wa mbaazi. Ubavuni ina swichi yenye vituo vitatu. Juu imefungwa, katikati inamimina mfululizo, chini inatoa moja moja.

Mtoto, kwa kuwa ni mtoto, aliiweka katikati. Akabana kifyatulio akiwa anazunguka, na vipunje zaidi ya kumi kwa kila sekunde vikamwagika juu ya ndoo, juu ya kuku, juu ya kanga zilizoanikwa, na kimoja kikampata binti wa jirani chini ya jicho, upana wa kidole tu kutoka kwenye mboni. Mama mtu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakupiga mtu. Alimkumbatia yule binti, akakitazama kivimbe chekundu shavuni pake, halafu akamwambia mwanawe kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza Muislamu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, na kama hakusikia madrasa basi asikie sasa.

Kisa kingekwisha hapo lau si mzee mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akipita njia ya nyuma.

Mzee huyu ni jirani wa miaka mingi. Alipofika kwenye ua wa makuti ya mikoma aliona mtutu umechomoza juu, mweusi, unazunguka. Binamu yangu alipofungua lango alimkuta amechutama kando ya nguzo, fimbo imelazwa chini, mikono wazi. Walipotambuana wote wawili walicheka, kile kicheko cha watu ambao mioyo bado inapiga. "Ejoka," akasema mzee, akaingia, akakaa juu ya ekicholong chake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hukichukua kila aendako na usiku hukigeuza mto wa kichwa. Akaiomba ile bunduki. Akaipindua, akaitazama swichi, akatikisa kichwa. Kisha akamweleza binamu yangu kwa Kiswahili chake cha utaratibu kwamba yeye amepitia langoni kwa sababu anamjua mtoto wa nyumba hii, na kwamba katika mji huu wako wengi wasiomjua.

Maneno haya yalikuwa na uzito wa pekee wakati ule. Miezi miwili tu nyuma, mnamo Februari 2023, askari polisi walikuwa wameuawa na majambazi katika barabara ya Kainuk, kusini mwa Turkana. Serikali ikatoa muda wa siku tatu kwa kila mwenye silaha isiyo halali kuisalimisha, kisha ikapeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwa mojawapo. Katika siku kama hizo, mtu anayeona mtutu juu ya ua hasubiri kuuliza kama ni wa plastiki. Tena sheria ya silaha ya Kenya humtia hatiani hata anayetumia bunduki ya bandia kutendea uovu au kuzuia asikamatwe. Mtoto wa miaka kumi hatendi uovu, lakini ni nani atakayempa nafasi ya kujieleza?

Usiku ule, baada ya Isha, mjadala ulikuwa mkali. Mama alitaka bunduki itiwe moto jikoni. Mjomba alinuna, ametoka nayo ng'ambo, amelipia uzito wake katika ndege, na kwetu zawadi ya mjomba haitupwi jaani siku ya Idi. Binamu yangu alikuwa katikati kama nyama ya sambusa. Mimi, badala ya kupatanisha, nilizidisha moto kwa kuwasimulia habari mbili ambazo zilikuwa hazinitoki kichwani. Ya kwanza ni ya Afghanistan, ambako katika Idi ya Julai 2015 zaidi ya watu 180, karibu wote watoto, waliumizwa macho kwa bunduki za kuchezea za aina hii hii, hata serikali ikazipiga marufuku. Ya pili ni ya mji wa Cleveland, Marekani, ambako Novemba 2014 mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alipigwa risasi na polisi akichezea bastola ya vipunje bustanini. Kwa sheria ya kule, vitu hivi huwa na rangi ya machungwa kwenye ncha ya mtutu ili vitambulike. Ya Tamir ilikuwa imeondolewa.

Baada ya hapo hakuna aliyelala vizuri.

MZEE NA VITUO VITATU

Asubuhi yake nilimtafuta yule mzee. Alikuwa chini ya mti wake akinywa chai yenye maziwa mengi, nami nikaomba anieleze alivyoijua swichi ile kwa kuitazama mara moja tu.

Kumbe alikuwa askari wa akiba, wale ambao watu huwaita homgadi. Hawa si askari wa mshahara. Ni wafugaji ambao serikali huwapa bunduki walinde vijiji na mifugo yao kwa kuwa kituo cha polisi ki mbali. Bunduki yake ya kwanza ilikuwa .303 ya Kiingereza, yenye risasi kumi, na kila risasi sharti uvute komeo kwa mkono ndipo nyingine iingie. Baadaye akapewa G3, yenye risasi ishirini na swichi ubavuni. Katika G3 zenye alama za Kijerumani huandikwa herufi S, E na F: salama, moja moja, mfululizo. Mzee hajui Kijerumani, lakini herufi zile alizichora mchangani kwa ncha ya fimbo bila kukosea.

Alinieleza kwamba F ni ya mtu aliyeogopa. Nilipopiga hesabu nilimwelewa. Bunduki za namna hii hupiga kwa kasi ya risasi kama 600 kwa dakika, yaani kumi kwa sekunde. G3 ikiachiwa imimine, ishirini zimekwisha kwa sekunde mbili. Kalashnikov yenye thelathini ina sekunde tatu. Baada ya hapo umeshika chuma kitupu, na mwizi wa ng'ombe bado yuko nyuma ya jiwe. Isitoshe, homgadi huhesabiwa risasi zake. Akirudi na pungufu lazima aeleze ziliishia wapi. Basi yeye swichi yake ilikaa kwenye E mpaka ikaota kutu hapo hapo.

Nilishangaa kuona kwamba busara hii ya mzee wa Lodwar iliwahi kuwa siasa ya majeshi makubwa. Waingereza, walipoichukua bunduki ya FAL ya Wabelgiji katika miaka ya 1950, waliamua ya kwao isimimine kabisa. Wakaiita L1A1, swichi yake ikawa na vituo viwili tu, kufunga na moja moja, na Australia na Kanada zikafuata mkondo huo huo. Walihofia askari kumaliza risasi kwa kelele. Wamarekani walijifunza somo lile kwa gharama kubwa zaidi huko Vietnam, na katika miaka ya 1980 walipotengeneza M16A2 waliondoa mfululizo wakaweka risasi tatu kwa kila mbano. Kalashnikov yenyewe, iliyobuniwa mwaka 1947, ina jambo la kustaajabisha: ukiishusha swichi kutoka kwenye kufunga, kituo cha kwanza unachokutana nacho ni mfululizo. Moja moja iko chini kabisa. Mwenye haraka hukwamia katikati, kama alivyokwamia mtoto wetu.

Nilimwuliza mzee bunduki ziliingiaje nchi yao. Hapo alinitazama akatabasamu, nami nikaelewa tabasamu lile baadaye. Sisi watu wa Pwani tusijitoe kimasomaso. Misafara ya pembe iliyotoka Pangani na Mombasa ilikuwa ikifika upande huu katika miaka ya 1880, imebeba vitambaa, shanga na magobori. Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanya biashara mashuhuri wa pembe, alikuwa miongoni mwa wenyeji wa njia waliomsaidia Joseph Thomson mwaka 1883, na jina lake limo tena katika msafara wa Teleki na von Höhnel uliofika ziwani Machi 1888. Wazungu wale wakalibatiza ziwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, jina lililokaa mpaka 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana. Katika vitabu vya safari majina ya wapagazi wetu yapo kwa uchache sana. Baruti waliyobeba haitajwi ilikobaki.

Baadaye bunduki zikaja kutoka Uhabeshi. Mwaka 1918 Waingereza walituma jeshi dhidi ya Waturkana, msafara ulioitwa wa Labur, wakawanyang'anya bunduki na mifugo mingi mno. Waturkana wakabaki na mikuki, na abarait, kile kisu cha duara kinachovaliwa kiwikoni mwa mkono, huku jirani zao ng'ambo ya mpaka wakiwa na silaha za moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafundi wa Karamoja, Uganda, walikuwa wakiunda bunduki zao wenyewe kwa mabomba ya chuma, walizoziita amatida. Halafu ukaja mwaka 1979. Idi Amin alipoanguka, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, na Wakaramojong wakaivunja ghala ya silaha. Ndipo mfululizo ulipoingia katika wizi wa ng'ombe. Mambo yaliyokuwa ya vijana wachache na mikuki, ambayo wazee waliweza kuyasuluhisha kwa kulipana mifugo, yakawa ya kufagia kijiji.

Mzee alinitajia Lokiriama kwa fahari. Hapo, mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walizika silaha zao ardhini na kuapishana amani, na kila mwaka watu wa pande zote mbili hukutana kukumbuka kiapo kile. Operesheni za serikali za kukusanya bunduki, alizozishuhudia tangu Nyundo ya 1984, hakuzisifu hivyo. Yeye mwenyewe aliirudisha G3 yake wakati homgadi walipoambiwa warudishe, akakaa bila kitu, na walioiba ng'ombe hawakurudisha chochote. Sikupata la kumjibu. Na risasi nazo zina mapito yao: uchunguzi wa Small Arms Survey ya Geneva, uliochapishwa 2008, ulikuta karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa watu kinyume cha sheria huko Turkana Kaskazini zilivuja kutoka katika akiba za vikosi vya Kenya.

Nikiwa hapo niliwaona watoto wa Kiturkana wakicheza mchangani. Walikuwa wamepanga kokoto, nyeupe ni mbuzi, kubwa ni ngamia, wakizichunga kwa makini. Mmoja alikuwa na kijiti amekichonga kitako na mtutu, amekitundika begani kwa ukambaa. Alikuwa mlinzi. Hakukielekeza kwa mtu hata mara moja, ila alikuwa akitazama mbali, kule milimani, kama anavyofanya baba yake.

Ushauri wa mwisho ulitoka kwa mzee huyu. Bunduki isichomwe, maana mtoto atajichongea nyingine mbaya zaidi kichwani. Itolewe kituo cha katikati, ipakwe rangi ambayo hata kipofu ataiona, na isivuke lango. Mama alikubali kwa sharti kwamba ikishindikana kuondolewa mfululizo, moto uko pale pale.

SAFARI YA TUMBO LA BUNDUKI

Fundi wa kwanza, wa redio na simu hapo Lodwar, hakuruhusu hata ifunuliwe gazeti. Aliona umbo lake akasema hagusi kitu cha umbo hilo katika kipindi hicho, na simlaumu. Binamu yangu alikuwa ana mzigo wa mchele wa kupeleka Kakuma siku ya Jumatatu, na huko, alisema, soko la kambini lina mafundi wanaoweza kuifufua hata simu iliyozama kisimani. Lakini nani atapita vizuizi vya polisi kilomita kama 120 akiwa na Kalashnikov chini ya magunia ya mchele? Shemeji mwenyewe, aliyekuwa amenuna, ndiye aliyetoa rai. Akaifungua bunduki kwa bisibisi, akatoa tumbo lake, yaani lile kasha dogo la gia, akalitia katika mkebe wa biskuti pamoja na betri. Mwili, mtutu na kitako vikabaki juu ya kabati. Lile kasha ukiliona utasema limetoka katika cherehani.

Barabara ni ya lami, jua ni la Turkana. Tulisimamishwa mara mbili. Askari mmoja aliufungua mkebe, akatazama, akaufunga, akauliza bei ya mchele.

Neno moja juu ya jina Kakuma. Vitabu vingi vya wageni hueleza kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipokuwa mahali". Mimi na wewe, msomaji, tuliozaliwa na lugha hii, hatujalisikia neno hilo kwa maana hiyo, wala sitaki kuendelea na uchambuzi wake katika ukurasa ambao watoto husoma. Tuwaachie wenye mji jina lao. Kambi iliyo kando ya mto mkavu wa Tarach ilianza 1992, kwa kupokea vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kukimbia vita. Wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi, na mwaka 2016 ukafunguliwa mji wa pili, Kalobeyei. Jumla yao ni zaidi ya watu laki mbili. Sokoni utasikia lugha zote hizo, na inayowaunganisha, japo kila mmoja huipinda apendavyo, ni Kiswahili chetu. Mkahawa tuliokula ulikuwa wa Msomali, anjera na maini, na dhuhuri tuliswali msikiti wa mabati ambao safu zake zilikuwa na nyuso za nchi tano.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa kijana wa Kivu. Kibanda chake ni futi chache, nyaya zimening'inia kama tambi. "Karibu, papa," aliniambia, na hiyo kwao ni heshima. Alilitoa kasha mkebeni, akalinusa mafuta yake, akauliza ni la mashine gani. Binamu yangu hakutaka kumficha. Alipolisikia neno bunduki, alilisukuma lile kasha mpaka upande wetu wa meza na kushika kazi nyingine. Tulikaa kimya. Hakutusimulia yaliyompata Kongo na sisi hatukumwuliza. Binamu yangu akamwambia taratibu kwamba hatukuja kuiongezea nguvu. Tumekuja ili ipunguzwe, mtoto asiumize wenzake, ipige moja halafu isimame.

Akainua macho. "Munataka ipigake moja tu?"

"Moja tu."

Akalivuta kasha likarudi upande wake.

Nitaeleza alichokifanya kwa kuwa nilikitazama bila kupepesa. Alifungua skurubu na kuzitenga kasha nusu mbili, akishika springi kwa kidole gumba isiruke. Ndani mna gia tatu, pistoni, na springi nene. Mota huzungusha gia, gia ya mwisho huvuta pistoni nyuma, springi hubanwa, kisha meno ya gia huishia na springi huachia. Pistoni huruka mbele na kusukuma hewa, hewa husukuma kipunje. Mzunguko mmoja ni kipunje kimoja. Katika gia ile ya mwisho kuna nundu. Kila inapotimiza mzunguko, nundu husukuma kijiti, na kijiti hukata umeme wa kifyatulio, mota ikasimama mpaka uachie kidole na kubana tena. Hiyo ndiyo moja moja. Sasa mfululizo unatoka wapi? Ubavuni mwa kasha kuna kipande cha bati chembamba kinachoteleza pamoja na swichi. Kikifika kituo cha katikati, ulimi wake hukisukuma kijiti kando, nundu ikapita bila kukigusa. Umeme haukatwi, na mota huzunguka kadiri kidole kilivyobana.

Kwa maneno mengine, bunduki ile kwa maumbile yake ilikuwa ya moja moja. Mfululizo ulikuwa ni kazi ya kile kiulimi cha kumzuia mkataji asikate.

Fundi alikiona dakika ile ile. Akachukua tupa ndogo akaanza kukwangua ulimi. Alipounganisha nyaya za betri na kubana, ilisikika tak. Tukafurahi. Akasogeza bati kwenye kituo cha katikati akabana tena: tak, halafu tak-tak, halafu tak. Ulimi ulikuwa bado umebaki unene wa kucha, na mara nyingine ulikuwa ukikigusa kijiti nusu nusu. Hii ilinitia hofu kuliko mfululizo wenyewe, maana kitu kinachopiga moja mara tisa na mara ya kumi kikapiga mbili ndicho kinachomdanganya mtu. Fundi alifungua upya. Safari hii aliukwangua ulimi wote mpaka bati likawa laini, akaupitisha ukucha wake juu yake, akafunga. Akabana mara hamsini, akihesabu kwa sauti kwa Kiswahili cha kwao, kila kituo mara hamsini. Tak moja kila mara. Kule juu tu, kwenye kufunga, ilikaa kimya kama inavyopaswa.

Akataka shilingi mia tano. Binamu yangu, ambaye ni mfanya biashara hata akiwa msibani, aliguna kwamba ni tupa ya dakika chache tu. Fundi akamjibu kwamba tupa ni ya shilingi hamsini, na mia nne na hamsini ni za kujua pa kuipitisha. Akalipwa, na tende za Idi tukamwachia.

Lodwar bunduki iliungwa tena, na mtutu wote, kutoka ncha mpaka kwenye mkono, ukapakwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka milango ya duka. Ilichukiza kuitazama. Mtoto alilia kidogo alipoiona, akisema haifanani tena na ya kweli, na mama yake akamwambia hilo ndilo lililotakiwa.

Kila Ijumaa alasiri mzee huja na ekicholong chake. Mikebe ya mafuta ya kupikia hupangwa kwenye ukuta wa nyuma, nyuma yake limetundikwa gunia la kuzuia vipunje visiruke. Watoto wengine wote hukaa nyuma ya mzee. Mama hutoa vipunje kumi kutoka katika kopo analolifungia kabatini, anavihesabu mkononi mwa mwanawe, na jua likichwa vyote kumi sharti virudi, kama homgadi arudishavyo risasi zake. Mtoto hupiga kimoja, hushusha mtutu, husubiri mzee aseme. Mwanzoni alikosa mikebe yote. Mzee hakumwambia kitu. Alimgusa kiwiko tu. Mara ya mwisho niliyopiga simu, binamu yangu aliniambia kijana ameangusha saba kwa kumi.

Ijumaa ya kwanza mimi bado nilikuwapo, na vipunje vilivyorudi vilikuwa tisa. Hakuna aliyeruhusiwa kula. Tulipekua uani kwa kurunzi, mimi na kanzu yangu, mjomba kwa magoti, mzee akisimamia kwa fimbo, mpaka muadhini alipoadhini Isha. "Ami," mtoto aliniuliza gizani, "kwani homgadi nao hutafuta namna hii?" Mzee ndiye aliyemjibu kwamba ndiyo, tena bila kurunzi. Kipunje cha kumi kilipatikana asubuhi yake, ndani ya chombo cha maji ya kuku.